Kilichoshikwa na Giaboksi

Oili ya giaboksi ilitoka ya moto. Fundi aliurudisha mkono haraka, akamtazama shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa ameshika beseni.

"Shemeji, uliwasha hili gari?"

"Niliwashe na nini? Betri ile pale mezani."

Gari lenyewe, la familia, lenye mlango wa kuburuta, lilikuja juzi likivutwa, magurudumu ya mbele yakiwa hewani kwa sababu yaligoma kuzunguka. Mwenyewe, mama mmoja mpole, alisema giaboksi imekufa. Fundi hakuuliza zaidi. Giaboksi zilizokufa ndizo zilizomlisha, na hakuwa mtu wa kudadisi marehemu amekufaje.

Wakaliinua gari mbele juu ya stendi za chuma, wakafungua magurudumu ya mbele, wakachomoa shafti zote mbili, wakaitegemeza injini kwa gogo. Shemeji, ambaye mdomo wake haulali, alikuwa akitania kwamba giaboksi hii ni nzito kuliko dada yake, mara akakunja pua. Ilikuja harufu ya nywele zinazoungua. Kisha ndani ya chuma ikatoka sauti ya chini, ya kubembeleza: "Kibibi, njoo."

"Kibibi ni nani?" fundi alinong'ona.

"Usiniulize mimi. Tushushe hiki kitu twende zetu."

Wakaishusha kwa jeki. Ilipogusa sakafu, gari zima likashusha pumzi. Fundi aliogopa, tena sana, ila aliona haya kukimbia mbele ya shemeji.

Ndipo mwenye gari akaingia kwenye geti la gereji, amemshika mkono bintiye mdogo.

"Kibibi, mwamkie fundi."

"Shikamoo."

Fundi aliitupia jicho giaboksi. "Mama, hili gari lilikufia wapi?"

Mama akainamisha kichwa. "Getini kwangu. Liliondoka lenyewe, hamna mtu ndani, likamwendea huyu. Mara giaboksi ikakwama, likaganda, shibiri moja tu kutoka kwake. Nilijiambia ni handibreki iliyoachia. Ningekuambia, ungeniona mwehu."

Fundi alirudi nyuma hatua moja, maana sasa alielewa kwamba giaboksi ile haikuwa imekufa bali ilikuwa imeng'ang'ania kukizuia kilichomo garini, na wakati akielewa hayo, magurudumu ya nyuma, ambayo kwa gari la aina hii kazi yake ni kufuata tu, yalianza kuzunguka polepole, bila injini, bila betri, yakilisukuma gari juu ya stendi zilizokuwa zikilia, kumwelekea mtoto aliyekuwa akilitazama kana kwamba anamjua aliyemo ndani.

"Mtoe nje! Nje ya geti!" fundi alipiga kelele. "Shemeji, mnyororo! Halafu turudishe giaboksi!"

Wakalifunga gari kwenye nguzo, wakaingia chini yake huku mnyororo ukikazika, wakaipandisha giaboksi na kukaza bolti moja baada ya nyingine, hadi magurudumu yakasimama na harufu ikakatika. Shemeji akacheka, machozi yakimtoka. Nje, mama aliuliza kama sasa wanaweza kuingia.

"Bado!" fundi alijibu. Alitaka kufuta jasho, akahisi kitu kiganjani. Bolti moja ilikuwa imebaki.

Alikuwa bado anapapasa kutafuta tundu lake iliposikika tena ile sauti ya kubembeleza, na kutoka nje ya geti mtoto akaitika, kwa adabu aliyofunzwa:

"Abee!"