Bangili Isiyo na Kibendera

Jua lilikuwa linazama, na nilikuwa nimebakiza mstari mmoja tu wa shamba.

Kazi yetu ya mambo ya kale si ngumu kueleza. Shamba likishalimwa, tunalitembea kwa mistari, macho chini, tukiokota walichoacha watu wa zamani. Ukiokota kitu, unachomeka kibendera palepale, ili pajulikane kilipolala. Nilikuwa nimerudi kazini baada ya kumzika binti yangu. Nilikuwa nikilia kutwa kucha, mpaka mume wangu akaniomba nitoke nikapunge upepo.

Mteremkoni niliokota bangili ya jiwe, ndogo, ya mtoto. Nikachomeka kibendera. Katikati, penye vigae, nikapata ya shaba. Karibu na ua, ya kioo. Zama mbalimbali, lakini ukubwa wa mkono ni uleule.

Kisha nikasikia harufu ya mafuta ya mtoto...

Mbele yangu, juu ya udongo, bangili ya plastiki ya rangi ya waridi.

Nilimvisha mwenyewe. Alizikwa nayo.

Nikasikia hatua, chap... chap... Kwenye mstari wa pembeni, uliokuwa mtupu, mwanamke alikuwa akitembea, macho chini. Nyuma yake mwingine. Na mwingine.

"Okota, mwanangu," alininong'oneza yule wa kwanza. "Hutalia tena."

"Na wewe uliokota?"

"Sote."

"Sasa mnatafuta nini?"

Alisimama kidogo. "Sikumbuki."

Lakini kuiacha pale nisingeweza. Niliikwapua ile bangili, nikatoka mbio. Kibendera sikuchomeka.

Tangu jioni ile sijalia. Jina la mtoto nalijua, kaburi lake nalijua, lakini yote ni kama habari za mtoto wa jirani. Picha yake naipangusa vumbi, basi. Mwanzoni mume wangu alimshukuru Mungu. Siku hizi, tangu aione bangili nami nimweleze nilikoiokota, ananiogopa.

"Irudishe, mke wangu," ananibembeleza. "Afadhali ulie."

Niirudishe wapi? Trekta limeshapita tena, na mahali penyewe sipajui.

Kwa hiyo kila jioni anakwenda kupatafuta yeye. Anainama, anapapasa matuta, anamwita binti yetu kwa jina. Pembeni yake wale wanawake wanatembea, macho chini, na kila siku wanamsogelea kidogo. Yeye hawaoni. Sijamwambia.

Mimi humsubiri kwenye gari. Akichelewa sana, nampigia honi.