Aliyezuiwa Kuanguka

Jumamosi ile soko la Tsuruhashi lilifurika watu. Wauza kimchi, kabichi kali ya Kikorea, walikuwa wakiita wateja, moshi wa nyama choma ukitambaa chini ya mapaa ya mabati. Chinatsu, ndani ya koti lake jekundu la mvua, alinyoosha mkono kuchukua pakiti ya mwisho ya majani ya ufuta yenye pilipili. Mkono mwingine ukamtangulia.

"Samahani, hiyo nilishaiona mimi!"

"Macho hayanunui, mwanangu," ilijibu sauti, kwa Kijapani cha vikongwe wa Osaka.

Chinatsu aligeuka akitarajia kumwona ajuza. Akakutana na kijana mrefu wa mabega mapana, sweta la kijivu, kovu dogo juu ya nyusi. Kicheko kikamponyoka.

"Mbona unaongea kama bibi yangu?"

"Bibi yangu mimi ndiye aliyenifundisha. Alikulia mtaa huu kabla ya kurudi Busan, Korea. Cheka tu, nimeshazoea."

Wakaigawana ile pakiti wakiwa wamesimama kando ya duka, kila mmoja na wali wake wa kufungasha. Waliachana bila kuulizana majina, na Chinatsu akajilaumu njia nzima.

Jumatatu akamkuta kazini.

Chinatsu kazi yake ilikuwa kuanguka. Mwigizaji nyota akitakiwa kurushwa dirishani au kugongwa na gari, yeye ndiye aliyevaa nguo zake na kurushwa. Safari hii walikuwa wakitengeneza upya, kwa Kijapani, filamu ya Kikorea ya askari wa kike anayemwinda muuaji wa abiria wa teksi. Mwongozaji Kuramochi alimwalika kutoka Korea mtu aliyepanga mapigano ya filamu ile ya kwanza, aje kuwasaidia. Mtu huyo aliitwa Bae Taegon.

"Ndugu zangu, huyu ndiye mtaalamu wetu," alisema Kuramochi.

"Tunafahamiana," Chinatsu alisema, akijikaza asicheke. "Ni mwizi wa mboga."

Mapenzi yakaanza hapo, kwenye magodoro ya mazoezi. Mchana Taegon alimfundisha kuangukia bega. Jioni walikula tambi kwenye kibanda karibu na stesheni, magoti yakigusana chini ya meza. Kila Chinatsu alipofika kwake, simu ya Taegon ilikuwa ikiita.

"Umekula, bibie?"

"Si tumekula wote sasa hivi?"

"Hizo zilikuwa tambi. Nauliza chakula."

"Taegon, unanipenda au unaninenepesha?"

"Vyote viwili, kipenzi. Ukinenepa utaangukia laini."

Tukio kubwa la filamu lilikuwa kwenye ngazi za mawe nyuma ya hekalu moja la Tennoji. Yule askari anasukumwa na muuaji, anabingirika hadi chini. Chinatsu alikuwa akilisubiri kwa hamu. Kumbe mambo yalishaamuliwa.

"Hapo tutamrusha mwanasesere," Kuramochi alimwambia. "Taegon amesema huwezi."

Chinatsu alimfuata Taegon nyuma ya gari la vifaa.

"Eti siwezi?"

"Nilisema ngazi zile ni mbaya."

"Ulimwambia mwongozaji. Mimi hukuniambia. Miaka yote nimeanguka bila wewe kunihurumia!"

Taegon aliinama akaanza kukunja kamba za vifaa. Hilo lilimchoma Chinatsu kuliko tusi. Taegon alipomaliza mkataba wake akarudi Busan, Chinatsu hakumsindikiza, na simu zake hakuzipokea.

Mwanasesere akarushwa. Alishuka kama gunia la mchele, mguu mmoja ukiangalia mbinguni, hata mpishi wa kikosi cha filamu akacheka. Kuramochi akasalimu amri: tukio lingerudiwa, na Chinatsu ndiye angeanguka.

Siku hiyo hiyo, adhuhuri, simu ilipoita aliipokea.

"Nimesikia utaanguka," Taegon alisema. "Chinatsu, kwenye filamu yetu ya kwanza, aliyeanguka ngazini alikuwa dada yangu, Suyeon. Mimi ndiye niliyempangia. Nyonga ilivunjika. Mpaka leo anachechemea."

Chinatsu aliketi palepale sakafuni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa ungeingiwa na hofu. Mwenye hofu huanguka vibaya."

"Asiyeambiwa ndiye huanguka vibaya, Taegon."

Kukasikika purukushani upande wa pili, kisha sauti ya mwanamke, kwa Kijapani kilekile cha vikongwe.

"Mimi Suyeon. Huyu kaka yangu amejaa hatia kama mtungi, wala hakunisukuma yeye, niliteleza mwenyewe. Sikiliza, mdogo wangu. Popote ngazi zinapopinda, usinyooshe mkono kujizuia. Kumbatia kifua, ugeukie ukutani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada. Asante sana."

"Na huyu nakurudishia. Anahema tu hapa jikoni, chakula hali."

Chinatsu alicheka huku machozi yakimtoka. Taegon aliporudishiwa simu, alimwambia, "Njoo. Uje unipangie wewe."

Taegon alikuja. Walizipanda na kuzishuka zile ngazi pamoja, wakipima kila ukingo kwa viganja, wakiziba kona kwa pedi zilizopakwa rangi ya mawe. Siku ya kupiga picha jua lilikuwa limetulia, Chinatsu yumo ndani ya koti la askari. Akasukumwa. Alibingirika, akakumbatia kifua, akageukia ukuta, akatua chini kimya.

"Kata!"

Taegon alikuwa wa kwanza kupiga magoti. "Sema kitu, mpenzi."

"Jumapili una kazi?" Chinatsu aliuliza, macho bado ameyafumba. "Mama na baba wanataka kukuona. Uje na suti."

Taegon alielewa mwaliko wa namna ile una maana gani: posa. Uso ukamwiva mpaka masikioni.

"Nitakuja. Hata kesho nitakuja."

Juu ya ngazi, Kuramochi alipaza sauti. "Safi sana! Turudie mara moja tena, ataweza?"

Swali lilielekezwa kwa Taegon, na wote wakamtazama yeye. Yeye akamtazama Chinatsu, akangoja.

"Naweza," alisema Chinatsu.

Taegon akampa mkono kumwinua, kisha akaenda kupanga upya zile pedi.