Wema Amegoma Kula

Mimi Elikana ni mvuvi wa dagaa, hapa Kibirizi. Usiku niko ziwani, mchana nalala. Mbalamwezi ikiwaka hatuvui, tunapumzika. Siku hizo nilikuwa nashinda kijiweni, nacheza drafti. Nyumbani narudi kula tu.

Mwezi uliopita mke wangu, Merina, alijifungua kwa upasuaji. Akabaki hospitali. Mimi nikaachiwa binti yetu Wema, wa miaka miwili.

Nikampa uji. Akafunga mdomo. Nikamnyanyua, akapiga kelele kama kabebwa na mwizi. Mpaka kesho yake mchana, maji tu. Macho yakaanza kulegea. Nikaogopa.

Nikamwita jirani yetu Melania, mhudumu wa afya wa mtaa.

"Dada, huyu mtoto ananichukia!"

Melania akampima joto, akamkagua. "Haumwi. Hakujui tu."

"Hanijui? Mimi baba yake!"

"Baba Wema, mchana ukilala, mama yake anamwambiaje?"

Nikafikiri. "Anamwambia, 'Shii! Usiende huko, baba kalala.'"

"Umeona? Kakua anakukwepa. Na ukipumzika, uko kwenye drafti."

Iliniuma. Lakini ni kweli.

"Sasa nifanyeje?"

"Usimlazimishe. Kaa chini, kula mwenyewe, akuone. Muongeleshe. Ukishazoeana naye, kila siku muogeshe, mlishe, cheza naye. Hata nusu saa kabla hujaenda ziwani. Mtoto akicheza na baba yake, anachangamka, na woga unamtoka."

"Watu watasema mke wangu kanilisha limbwata, dawa ya mapenzi."

"Waseme! Kwani wao ndio watamlisha?"

Nikakaa mkekani. Nikanywa uji kwa mlio, kama ng'ombe. Wema ananitazama kwa mbali. Akasogea. Akaingiza mkono bakulini, uji ukanimwagikia mapajani. Akacheka! Nikampa kijiko, akapokea. Cha pili, akapokea. Machozi yalinitoka, sifichi.

Merina aliporudi na mtoto mchanga, alimkuta Wema kakaa mgongoni kwangu, anakula muhogo.

Sasa kila jioni namuogesha, ndipo naenda ziwani. Nguo za kichanga pia nafua.

Juzi Gervasi, tunayevua naye, akanikuta naanika nepi.

"Elikana! Siku hizi umekuwa yaya?"

"Mimi ni baba yao. Haya, wewe mwanao wa mwisho anapenda kula nini?"

"Anapenda... ngoja nikamuulize mama yake."

Alikuwa anaelekea kijiweni. Akageuza, akarudi kwake.