Mwandiko wa Mwalimu Perusi

Kalamu ilipogusa kioo cha kinasamkono, neno "ng'ombe" lilijichora ukutani, herufi zikiwa zimeshikana kama zilivyotoka mkononi. Mashine hiyo ilipima uzito wa vidole, kasi ya kiwiko, hata pale mwandishi anapovuta pumzi, kisha ikaunda fonti nzima ya kuchapishia. Karatasi za zamani hazikuifaa. Ilitaka mkono ulio hai.

Katika Dodoma ya mwaka 2091, watu walizungumza na vyombo vyao, na vyombo vikaandika. Mhandisi Yusta Chilongani alimfahamu mtu mmoja tu aliyekuwa bado anajaza madaftari: Mwalimu Perusi Mazengo, mstaafu wa miaka themanini na mitatu. Yusta alimhitaji kwa haraka. Wazee wa mji walikuwa wakikosea dawa, kwa sababu vibandiko vya chupa vilichapwa kwa herufi za mraba zilizobuniwa zisomwe na roboti. Wawili walishakufa. Yusta aliamini wangeusoma vizuri mwandiko wa kuunga waliofundishwa utotoni.

Walifanya kazi asubuhi kumi na mbili.

"Mwalimu, zimebaki Q na X tu," Yusta alisema siku ya mwisho.

"Hizo si za Kiswahili, waachie wenyewe," Perusi akajibu. "Nipe neno jingine la dawa."

Aliandika "vidonge", kalamu ikamponyoka. Akasema amechoka, akaaga.

Miezi miwili baadaye makosa ya dawa yalikuwa yamepungua mno. Waoka mikate waliomba fonti ile kwa mifuko yao, maharusi kwa kadi zao. Yusta alikwenda kwa Perusi na chupa ya kwanza yenye kibandiko kipya, furaha imemjaa. Mlangoni alipokewa na Foibe, binti wa mwalimu.

"Hakukwambia? Daktari alimkataza kushika kalamu. Mishipa ilikuwa inakufa. Angepumzika, mkono ungedumu mwaka mzima."

Yusta aliingia ndani. Mkono wa kulia wa Perusi ulikuwa umelala juu ya kitenge, hautikisiki.

"Shikamoo, Mwalimu. Kwa nini ulinificha?"

"Marahaba. Ungenirudisha nyumbani." Perusi alipokea chupa kwa mkono wa kushoto, akakisogeza kibandiko karibu na macho, akakisoma polepole. "Mwaka mzima ningeandika nini, mwanangu? Orodha ya sokoni. Sasa kuna mzee mwenzangu anajua anywe vidonge viwili, asubuhi na jioni. Mimi nakushukuru."

Yusta aliketi kando yake. Akaomba karatasi na kalamu. Maisha yake yote hakuwahi kuandika kwa mkono.

"Nielekeze, Mwalimu."

"Zungusha. Panda. Sasa shuka, usiinue kalamu."

Ilimchukua muda mrefu, ulimi ukiwa umemtoka pembeni ya mdomo kama wa mtoto, hadi neno "Asante" likakamilika. Perusi akainama kulitazama.

"Limepinda," alisema, akicheka. "Andika tena."