Kengele Yapata Mlezi

Waya wa kuchajia ndio uliomwangusha Jenipher stendi ya Bunda. Alikuwa anakimbilia gari la Musoma, gauni la kitenge cha njano limemkaa kama amezaliwa nalo, mara puu! Magoti chini, machungwa yakabingirika kati ya miguu ya abiria.

"We kaka, umetega panya hapa?"

"Pole, dada! Pole sana." Kijana aliyevaa sweta la kijani, na jua lote lile, alikuwa anafukuza machungwa hadi waya ulipofika, huku kompyuta ameibana kwapani. "Nikichomoa, Kengele inazimika."

"Kengele ndiyo nani? Mkeo?"

"Ningekuwa na mke, angeniacha nitoke na sweta hili?"

Gari likaondoka. Jenipher akabaki anacheka.

Kijana huyo, Masatu wa Butiama, ndiye aliyeiandika Kengele, programu huria ya simu. Mfugaji anapiga picha alama ya ng'ombe wake. Ng'ombe akipotea, anayemwokota anamjua mwenyewe. Haikuuzwa. Msimbo wake ulikaa wazi mtandaoni, na watu wa mbali wasiowahi kumtia Masatu machoni waliurekebisha. Kila jambo walilijadili hadharani, mbele ya wote. Hiyo ndiyo ilikuwa mila yao.

Jenipher, karani wa wakili mjini Musoma, akajikuta anaiandikia Kengele masharti ya matumizi, na jioni simu haibanduki sikioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Ugali na sato. Wewe?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Basi utakonda, shauri yako!"

Kisha mnunuzi mmoja, aliyeumbuliwa na Kengele mnadani akiwa na ng'ombe wa wizi, akatishia kwenda mahakamani. Jenipher akaingiwa na baridi. Kisheria Kengele haikuwa mtu. Wa kushitakiwa alikuwa Masatu peke yake, na mali ya kwao ndiyo ingeliwa. Akatafuta shirika lisilo la faida linalolea miradi huria: linashika jina, linapokea michango, linatunza hesabu, linasimama mbele ya sheria. Akapeleka maombi kimyakimya, ili amshangaze mpenzi wake.

Shirika likamwandikia Masatu: hongera, mmekubaliwa.

Simu ikaita asubuhi, Jenipher yuko nyumbani kwake Kitaji, Musoma, ana sabuni usoni.

"Jenipher." Hakusema mpenzi. "Umemwoza binti yangu Kengele bila kuniuliza?"

"Nimekukinga, Masatu!"

"Wenzangu niwaambie nini? Kwamba tumehama usingizini?"

Akakata. Jenipher akapiga, hakupokelewa. Akapiga tena, vilevile. Alikuwa amejiandaa kujitetea, lakini aliposoma upya mijadala ya Kengele, yote wazi, hata matusi yao na kuombana radhi, moyo ukamsuta. Akaliomba shirika lisubiri. Kisha akaweka kila karatasi mtandaoni, mbele ya wachangiaji wa msimbo: "Nilikosea kuwaficha. Amueni ninyi. Mkikataa, nitakubali."

Hakungoja majibu. Akapanda gari kwenda Butiama.

Alimkuta Masatu zizini kwa baba yake, mzee Mayala.

"Umefuata nini huku?"

"Ng'ombe. Wale wekundu ni wa nani?"

Masatu akajibu shingo upande. "Wa mzee Clementi wa Bugwema. Tunamtunzia."

"Na maziwa?"

"Tunakunywa sisi."

"Ndama je?"

"Wa kwake! Sisi ni wezi?"

"Na shirika ni hivyohivyo. Litakunywa maziwa kidogo, sehemu ya michango, kwa kazi yake. Ng'ombe na ndama ni wenu. Mkitaka kuwahamisha, mtawahamisha."

Masatu akasugua pembe ya dume lililokuwa karibu. "Lakini mzee Clementi aliwaleta mwenyewe, mchana, watu wakishuhudia. Hakuna aliyemswagia."

"Najua. Hilo ndilo kosa langu. Fungua simu yako."

Akasoma, sweta likipanda na kushuka kifuani. Wachangiaji walikuwa wameafiki, wengine kwa utani, mmoja kwa kumkemea Jenipher kwanza. Lilibaki jina la Masatu. Akaandika: *Naafiki.*

"Mimi nilikuwaga siwapendi watu wa sheria," akasema.

"Na sasa?"

"Sasa namtaka mmoja. Nakuuliza wazi, baba yangu anasikia: utakubali nikuoe?"

Mzee Mayala akachomoza kichwa nyuma ya ua. "Masatu, fikiri vizuri! Huyu binti ameshahesabu zizi lote. Tukifika kwao na mahari, hatatupunguzia hata mtamba mmoja!"

"Nipunguze, baba?" Jenipher akacheka hadi ng'ombe wakageuka. "Nimekubali, na idadi nawaongezea!"