Punda Aliyetoroshwa kwa Mma Sebina

Punda hakuwepo. Lango la zizi lilikuwa limerudishiwa na kufungwa kamba vizuri, kana kwamba mwizi alilelewa kwa adabu.

Inspekta Dikgang alichuchumaa kwenye tope. Ndani ya zizi kulikuwa na alama za kwato tu, zimenyooka hadi langoni. Nyayo za mtu ziliishia nje.

"Unamshuku nani, Mma?"

"Ningemjua ningekuita wewe?" Mma Sebina alimjibu.

Huyu mama, muuguzi mstaafu, alikuwa akiwatunza punda wazee na mbwa waliotupwa, palepale kijijini Shoshong. Mwanzoni watu walimcheka. Tangu mnunuzi wa ngozi za punda aonekane kijijini, wakaanza kunong'ona.

"Wanasema nawanenepesha niwauze ngozi," alisema. "Chifu kaapa, akipotea hata mmoja anapafunga hapa. Baraza ni leo mchana. Hawa wataenda wapi, Rra?"

Mbwa mwenye miguu mitatu alikuwa amejilaza juu ya kiatu cha Inspekta. Inspekta hakuwa na moyo wa kumwondoa.

"Ni yule wa ngozi tu," alisema Koplo Tumisang, msaidizi wake. "Tukamkamate."

"Punda mwenyewe ni mpole?" Inspekta alimuuliza Mma Sebina.

"Mpole!" Mma Sebina aliguna. "Siku ya kuletwa wanaume walimsukuma hadi wakaishiwa pumzi. Nimemwita kila jina, hageuzi hata sikio."

"Lakini huyu mwizi amemngoja langoni, na punda akamfuata mwenyewe. Nani alimleta?"

"Kelapile mdogo. Kaka yake, mwenye punda, alipofariki, akasema mnyama mzee hana kazi naye."

Inspekta alizitazama tena zile nyayo.

"Koplo, nani kijijini hapa anaweza kuiba mnyama asithubutu kukanyaga zizi?"

Koplo alikuna kichwa, kisha uso ukambadilika. Mjane aliyevaa nguo za msiba hapiti penye mifugo. Husemwa kwamba itadhoofika.

"Mma Kelapile," alisema polepole.

Walimkuta uani kwake, kavaa nyeusi, akimlisha punda maganda ya maboga. Hakukimbia.

"Umemchukua wewe?" Inspekta aliuliza.

"Nilimwita, akaja."

"Huo ni wizi, Mma."

"Najua."

"Kwa nini hukumwomba Mma Sebina?"

"Na nguo hizi, nikapige hodi kwenye wanyama wagonjwa? Wakifa si mtasema ni mimi?" Machozi yakamtoka. "Mume wangu alikuwa anamsalimia punda huyu kila asubuhi kabla hajanisalimia mimi. Nilikuwa nanuna. Sasa nani ataninunisha? Nyumba imenyamaza, Rra. Namkumbuka mno."

Mma Sebina, aliyekuwa amewafuata, alikagua maji, akainua kwato moja baada ya nyingine. Akamfuta punda matongo kwa ncha ya kanga yake.

"Abaki hapa," alisema. "Lakini usiposema barazani, mwenzangu, wananifungia."

"Nikimwaibisha shemeji yangu mbele ya watu, atanifukuza kwenye nyumba hii."

Mma Sebina hakumlazimisha.

Mchana baraza lilijaa. Kelapile mdogo alikaa mbele, kakunja nne.

"Inspekta, mwizi ni nani?" aliuliza chifu.

Dikgang alisimama. Kabla hajafungua kinywa, sauti ilitoka nje ya uzio.

"Ni mimi! Mjane wa Kelapile. Mma Sebina hajauza mnyama yeyote. Alimlisha punda ambaye shemeji yangu alimtupa, mume wangu akiwa hata hajapoa kaburini. Nimemwiba kwa sababu nampenda. Mnifukuze kama mnaweza."

Watu waligeuka, si kumtazama mjane, bali shemeji. Akashusha mguu.

"Hakuna atakayemgusa mama huyo nyumbani kwake," chifu alisema, akimkazia macho Kelapile mdogo. "Wala zizi halifungwi. Mma Sebina, una malalamiko?"

"Ninayo, tena makubwa," alisema Mma Sebina, akijifuta macho. "Amemchukua punda, dawa yake ya macho ameiacha. Sasa kila jioni itanibidi niende kwake kumtia punda dawa, na chai anipikie."