Ukuta wa Jikoni kwa Mama Truphena

Werema alimwona Dorine katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Migori, wateja wakisukumana. Gauni la njano, kucha nyekundu, na alikuwa akigonga bodi za jipsam kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Werema, fundi wa kuta za bodi hizo, akamtania kwamba bado hazijaiva. Dorine akacheka, wakapeana namba, na haukupita muda Werema alikuwa Homa Bay, akigawa jikoni ya Mama Truphena, mama yake Dorine, kwa ukuta wa jipsam.

Vyuma vya fremu alivisimamisha vizuri. Kilichobaki kilikuwa kulaza mbao ngumu kati yake, pale makabati yatakapoangikwa, maana jipsam peke yake haibebi mzigo. Asubuhi hiyo Dorine, mapenzi yamemjaa, akamwambia mama yake kwamba fundi huyo ameahidi kumuoa.

Mama Truphena alifurahi mno, na papo hapo akamtoa Werema jikoni. Kwao Wajaluo, mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe. Werema, Mkuria wa Kegonga, alikusanya vifaa vyake vya kazi, akarudi Migori. Akaitwa fundi Omanga amalizie.

Kila jioni Werema alipiga simu kutoka Migori, na kila jioni aliulizia mbao.

"Babe, unapenda mimi ama ukuta?"

"Wewe. Lakini Omanga aliweka mbao ama alifunika tu?"

Dorine akaona huyu amejuta kuahidi ndoa, sasa anatafuta ugomvi. Akaacha kupokea simu zake. Werema alikonda kwa mawazo.

Jumapili moja uvumilivu ulimshinda. Alivaa suti yake ya kijivu, akaenda. Mama Truphena alimkaribisha sebuleni kwa heshima zote. Dorine alimsalimu juu juu, akamfuata mama yake jikoni kupakua samaki. Ndipo ukuta ulipolia kraa.

Werema alifika mlangoni mbio, akasimama. Kabati lililojaa sahani lilikuwa limeng'oka upande mmoja, na wanawake wale wawili wamelikinga kwa mabega.

"Ingia basi," Dorine alimwambia.

"Mkwe abaki hapo hapo," mama akasema.

Mikono ya Werema ingeweza kuliteremsha kabati lile peke yake. Ilining'inia tu.

"Jaherana, mpenzi wangu, toa sahani za juu kwanza," alisema. "Mama asiliachie. Polepole."

Dorine akazitoa kwa mkono mmoja. Sahani moja, kisha nyingine, hata kabati likafika sakafuni. Dorine akaingiza mkono kwenye tundu la bodi hadi kiwikoni, akapapasa. Hapakuwa na ubao hata mmoja.

Alimjia Werema mlangoni, nywele nyeupe kwa vumbi, akilia.

"Nilidhani umenichoka."

"Niliogopa likuangukie. Nikioa hapa, Dorine, hiyo jikoni sitaingia maisha yangu yote. Nitakuwa nakuangalia tu kutoka hapa."

"Basi nioe," Dorine alisema. Akachomoa tepu ya kupimia mfukoni mwa suti ya Werema, akarudi ndani peke yake kupima mahali pa mbao.